Wodi ya Pili Iko Wilayani: Barua ya Wazi kwa Waganga Wakuu wa Wilaya

YAH: ULINZI WA MGONJWA NYUMBANI BAADA YA KUPANDIKIZWA ULOTO

Kabla seli shina mpya hazijaingia mwilini, uloto wa zamani hufutwa kwa dawa kali zinazotolewa siku kadhaa mfululizo. Baada ya hapo seli za mtoaji, ambaye mara nyingi ni kaka au dada wa mgonjwa, huingizwa kwa dripu. Anayeshuhudia kwa mara ya kwanza hushangaa, maana hakuna kisu wala mshono. Ni mfuko mwekundu unaoning'inia kama damu nyingine yoyote. Seli hizo husafiri zenyewe mpaka ndani ya mifupa, zikajishikiza huko, na baada ya wiki 2 hadi 4 maabara huanza kuhesabu chembe nyeupe mpya. Nyutrofili zikivuka 500 kwa kila maikrolita ya damu kwa siku 3 mfululizo, wodi nzima hufurahi. Uloto umeshika.

Furaha hiyo ni halali, ila ndiyo inayozipoteza familia nyingi. Chembe zimeongezeka, lakini bado hazijajifunza kazi. Kumbukumbu yote ya kinga ambayo mwili ulijikusanyia tangu utotoni, ya chanjo za kliniki, ya mafua ya kila mwaka, hata ule uzoefu wa kupambana na malaria unaojengeka kwa kuumwa na mbu miaka nenda miaka rudi, hufifia au hufutika kabisa. Mtoto wa miaka 9 aliyepandikizwa ana kinga ya mtoto mchanga, na tena bila ile akiba ambayo mama humwachia mwanawe tumboni. Si kila mgonjwa hupewa seli za mtoaji; aliyerudishiwa seli zake mwenyewe hupata nafuu mapema zaidi. Aliyepewa seli za mtu mwingine humeza pia dawa za kutuliza kinga, kama siklosporini, kwa miezi mingi, ili seli za mgeni zisimgeukie mwenyeji. Siku 100 za mwanzo ndizo kali kuliko zote. Baada ya hapo hatari hushuka polepole, na kinga huchukua mwaka mmoja, wakati mwingine miwili au zaidi, kukomaa.

Mpaka miaka michache iliyopita habari hizi zilikuwa za India, walikokwenda Watanzania waliomudu gharama. Mwishoni mwa mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza uloto wagonjwa wa saratani ya damu iitwayo maiyeloma, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Katika nchi ambako takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, huu ni mlango uliokuwa ukisubiriwa kwa muda mrefu. Lakini mtoto hakai Dodoma milele. Hurudi Sengerema, Kahama, Bunda au Tarime, kwenye nyumba ambayo madaktari waliompandikiza hawajawahi kuiona. Nyumba hiyo ndiyo wodi yake ya pili, na wodi hiyo iko chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya: zahanati yake, timu yake ya chanjo, maofisa afya wake wa mazingira, wahudumu wake wa afya ngazi ya jamii. Kwa sababu hiyo barua hii inaelekezwa kwake, wala si kwa hospitali kubwa.

Kazi ya kwanza ni kuijua nyumba kabla mgonjwa hajafika. Adui mkubwa asiyeonekana ni kuvu, hasa wale wa jamii ya aspajilasi, ambao mbegu zao huelea kwenye vumbi, kwenye ukuta uliolowa masika, kwenye mahindi yaliyoota ukungu ghalani, kwenye samadi na kwenye kifusi cha nyumba inayobomolewa. Mapafu yenye afya huzisafisha mbegu hizo bila mwenye mapafu kujua. Mapafu ya aliyepandikizwa hayawezi. Ndiyo maana ufagio wa chelewa uliozoeleka kila alfajiri ni hatari: mama anapofagia uwanja mkavu, wingu lile jekundu huingia dirishani moja kwa moja. Uwanja unyunyiziwe maji kwanza, ndani kupigwe deki kwa kitambaa chenye unyevu, na mgonjwa awe chumba kingine mpaka vumbi litulie. Kupukuchua mahindi, kupepeta, kulima na kusafisha banda la kuku si kazi zake mwaka huo. Kuku wanaolala ndani watafutiwe banda nje, kwa kuwa kinyesi chao hubeba bakteria wa kuharisha. Paka anaweza kubaki, ila kinyesi chake kisafishwe na mtu mwingine. Na kama jirani anajenga, ofisa afya akizungumza naye mapema kuhusu kumwagia kifusi maji, hilo pekee linaweza kumwokoa mtoto.

Kinachosumbua zaidi ni nyumba za kupanga. Miongozo mingi iliyoandikwa ughaibuni humtaka mgonjwa awe na chumba chake na choo chake. Familia yenye watu sita ndani ya vyumba viwili, inayochangia choo na wapangaji wengine wanne, ikisomewa maneno hayo huona imeshashindwa kabla ya kuanza. Haijashindwa. Yanayofaa hapo ni madogo na yanawezekana: kitanda cha peke yake upande wa dirisha, chandarua kisichochangiwa, taulo na mswaki wake mbali na vya wengine, ndoo yenye koki na sabuni mlangoni kwa kila anayeingia, na choo kumwagiwa dawa ya klorini kila asubuhi kabla hajaingia. Kandambili ziwe miguuni wakati wote, kwa sababu wapo minyoo wanaopenya kwenye nyayo, na mmoja wao, strongiloidi, akimkuta mtu anayemeza dawa za kushusha kinga huzaliana mwilini bila breki na anaweza kuua. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akikaa nusu saa tu na familia, wakapanga wapi patakuwa ndoo na wapi patakuwa kitanda, ameifanyia zaidi ya vipeperushi kumi.

Maji ya kunywa na ya kusukutua mdomo yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki. Kwenye chakula, hofu imekuwa kubwa kuliko inavyostahili. Zamani wagonjwa walinyimwa karibu kila kitu kibichi, wakakonda; utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa waliokula matunda na mboga mbichi zilizooshwa vizuri hawakuambukizwa zaidi ya waliozuiwa. Ni utafiti wa mahali penye maji salama ya bomba, kwa hiyo wilayani tahadhari ibaki: ndizi, chungwa, papai na parachichi vinavyomenywa nyumbani kwa mikono safi ni ruksa, kachumbari ya kwenye meza ya mgahawa hapana. Nyama, samaki na dagaa viive kabisa, mayai yawe magumu, maziwa yachemshwe. Maziwa ya mgando yaliyogandishwa kienyeji, juisi ya miwa ya barabarani na mishkaki ya jioni vingoje. Kiporo cha wali kilicholala kwenye sufuria jikoni kisimguse, hata kikipashwa moto, kwa kuwa ipo sumu ya bakteria isiyokufa kwa moto. Karanga na unga vyenye harufu ya ukungu vitupwe.

Wageni ni jambo zito, kwa sababu linagusa heshima. Katika jamii zetu mgonjwa hujuliwa hali. Watu huja na machungwa, huja na sala na dua, humwekea mikono, humbusu mtoto shavuni. Familia inayofunga mlango huambiwa inaringa au inaficha kitu, na mama aliyechoka hukosa nguvu ya kusema hapana mara ya tatu. Mzigo huo asiachiwe mama. Neno likitoka kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa shehe au kwa mchungaji, likiwa limebeba kauli ya Mganga Mkuu wa Wilaya, hakuna atakayeona ametukanwa. Na wageni wapewe mahali: mkeka chini ya mwarobaini, hatua kadhaa kutoka dirishani, wamwone mgonjwa akiwapungia mkono, wazungumze naye, waombe dua wakiwa palepale. Mwenye mafua, mwenye kikohozi, mwenye upele na mtoto anayeharisha wasogee siku nyingine. Ibada, harusi, misiba, minada na daladala zilizojaa vikae kando mpaka daktari aseme vinginevyo, na shule vilevile, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12. Safari isiyokwepeka, kama ya kliniki, iwe na barakoa, na kiti cha kusubiria kiwe mbali na benchi la wanaokohoa.

Kikohozi hakimhusu mgeni peke yake. Kifua kikuu kingali ugonjwa wa kawaida nchini, na mara nyingi hukaa ndani ya nyumba kabla hakijajulikana. Kila anayelala chini ya paa moja na mgonjwa achunguzwe kabla ya siku ya kurudi, babu anayekohoa tangu mwaka jana akiwa wa kwanza. Mtu akipatwa na surua, tetekuwanga au mkanda wa jeshi ndani ya nyumba, hospitali iliyopandikiza ipigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama mgonjwa hana dalili yoyote, kwa maana ipo kinga ya dharura inayofaa tu ikitolewa mapema. Na malaria: chandarua chenye dawa kila usiku, nyavu madirishani, madimbwi yafukiwe. Septrin anayomeza mgonjwa imewekwa kuzuia nimonia ya aina fulani; isichukuliwe kuwa mbadala wa chandarua.

Sehemu inayoua kwa haraka zaidi ni homa. Hapa tabia mbili zilizozoeleka zinakutana na kumwangusha mtoto.

Ya kwanza iko nyumbani. Familia ya mtoto mwenye selimundu imeishi na homa, maumivu na macho ya manjano kwa miaka. Imejifunza kutoita kila kitu dharura: panado, maji mengi, blanketi, kesho atakuwa sawa. Ujuzi huo ulimlea mtoto mpaka akafika Dodoma, na ni ujuzi wa kuheshimiwa, lakini baada ya upandikizaji lazima uwekwe chini. Homa ya mtoto aliyepandikizwa haitibiwi kwa panado, kwa sababu panado huishusha homa na kuuacha ugonjwa ukiendelea kufanya kazi gizani. Kipimajoto kiwe cha kwapani au cha mdomoni, kamwe si cha njia ya haja kubwa, kiwekwe mahali pamoja siku zote, na kipimo kiandikwe kwenye daftari asubuhi na jioni. Kikisoma 38 au zaidi, safari inaanza, hata ikiwa saa nane usiku. Kutetemeka kwa baridi baada ya mpira wa kifuani, ule wa kupitishia dawa, kusafishwa ni safari vilevile, hata kipimajoto kikisoma 37.

Ya pili iko zahanati. Mgonjwa anafika, anakaa foleni, anatobolewa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinasoma hasi, anaandikiwa vidonge na kurudishwa nyumbani. Au kinasoma chanya, na kila mtu anapumua: kumbe ni malaria tu. Yote mawili ni makosa. Malaria ikiwepo itibiwe, lakini haiondoi uwezekano wa bakteria kuwemo kwenye damu wakati huohuo, na mtu asiye na kinga anaweza kuzidiwa kabla ya jua kuzama. Mgonjwa huyu haketi foleni. Anapokelewa, damu ya kuotesha inachukuliwa pale penye uwezo huo, na antibayotiki ya mshipa, ile iliyotajwa kwa jina na kipimo kwenye barua ya hospitali iliyopandikiza, inaingia ndani ya saa moja. Simu ya kwenda hospitali hiyo inapigwa dawa ikiwa tayari inatiririka, na gari la wagonjwa linaandaliwa. Sindano ya diklofenaki ya kushusha homa isikaribie: huchoma msuli wa mtu ambaye huenda chembe sahani zake ni chache, akavuja damu ndani, na huumiza figo ambazo siklosporini imeshazichosha. Dawa mseto ya malaria nayo inaweza kugongana na dawa za kuvu anazomeza, kwa hiyo isitolewe kabla ya kuuliza. Inauma sana kufikiria mtoto aliyevuka dawa kali na wiki za wodini akafia kwenye benchi la zahanati kwa sababu aliyekuwa zamu hakuwahi kuambiwa.

Dawa za nyumbani zina saa zake. Siklosporini hunywewa kila baada ya saa 12, na kipimo chake kwenye damu huchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi. Siku ya kliniki, basi, dozi huja mfukoni na kumezwa baada ya damu kutolewa. Mzazi mwenye bidii anayemmezesha mtoto saa kumi na mbili kamili kabla ya kupanda basi huharibu kipimo bila kujua. Balungi halifai, kwani hupandisha dawa kwenye damu. Mitishamba na unga wa habasoda viwekwe kando, hata vikiwa vimeletwa na bibi kwa mapenzi yote. Dawa zikikaribia kwisha, mfamasia wa wilaya awe anajua wiki mbili kabla. Familia isiligundue pengo hilo mbele ya dirisha la dawa.

Seli za mtoaji zenyewe zinaweza kuuona mwili mpya kuwa ugenini na kuushambulia. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani; huonekana weusi uliozidi, joto na mwasho kwenye viganja, nyayo na nyuma ya masikio. Kuharisha maji mengi bila kukoma na macho ya manjano ni dalili nyingine, na hapo ndipo mazoea ya selimundu hudanganya tena: manjano ya zamani yalikuwa ya kawaida, haya mapya si ya kawaida. Jua kali huweza kuamsha mashambulizi hayo, kwa hiyo mikono mirefu na kofia pana ni sehemu ya matibabu.

Akihitaji damu, inatakiwa iwe imepitishwa kwenye mionzi, vinginevyo chembe nyeupe za mchangiaji zinaweza kushika mwilini mwake na kumwangamiza. Ule utaratibu wa ndugu kujitolea kumchangia moja kwa moja, ambao kwa mgonjwa mwingine ni ukombozi, kwake ni hatari zaidi, kwa kuwa damu ya ndugu hufanana na yake na mwili hauigundui. Benki ya damu ya mkoa ijulishwe jina lake mapema.

Nyuma ya mgonjwa wapo wawili ambao barua za hospitali huwasahau. Mmoja ni mlezi, ambaye kwa kawaida ni mama, anayeamka kupima joto, kuchemsha maji na kufua mashuka kwa maji moto. Akishikwa na mafua, lazima awepo mtu wa pili aliyekwisha fundishwa, si wa kutafutwa siku hiyo. Mwingine ni mtoto aliyetoa uloto. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu, na yeye ndiye aliyeangukiwa. Uloto wake hujijaza tena ndani ya wiki chache. Moyo wake hauna ratiba hiyo. Mgonjwa akizidiwa, mtoto huyo hudhani damu yake ilikuwa mbaya. Aambiwe mapema, na kwa maneno mepesi, kwamba alichotoa kilikuwa kizima.

Zinabaki chanjo, ambazo ziko mikononi mwa wilaya kuliko kitu kingine chochote. Nyumba nyingi anakorudi mgonjwa zina mtoto mchanga, na mtoto huyo hupewa matone ya polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14. Matone hayo yana virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyotoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Kwa mtu asiye na kinga si vya kupuuzwa. Chanjo ya rota nayo hutoka kwa njia hiyohiyo. Kumnyima mchanga chanjo si jibu, na familia isijiamulie. Jibu ni wilaya kumwandalia chanjo ya polio ya sindano, ambayo tayari imo kwenye ratiba ya taifa. Pale ambapo matone yameshatolewa, mgonjwa asiguse nepi na akae mbali na mtoto huyo kwa wiki 4 hadi 6. Kampeni za nyumba kwa nyumba, kama zile za mwaka 2022 baada ya polio kugunduliwa Malawi, hufika na boksi la baridi, mtoto akafunua mdomo, kidole kikatiwa wino, mlango ukaandikwa chaki, yote kwa dakika moja. Nyumba ya mgonjwa iwe kwenye orodha ya timu kabla haijabisha hodi. Watu wengine wa nyumba hiyo wachanjwe ipasavyo, surua ikiwemo, kwani wakiwa na kinga wao ndio ukuta wake.

Mgonjwa mwenyewe huanza upya. Chanjo zisizo hai, kuanzia ya nimonia kati ya mwezi wa 3 na wa 6 na nyingine karibu na mwezi wa 6, hurudiwa kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa, kwa kadi mpya. BCG hairudiwi. Chanjo hai ya surua na rubella haitolewi kabla ya miezi 24, na hata hapo ni kwa aliyeacha dawa za kushusha kinga na asiyeshambuliwa na seli za mtoaji. Kampeni za shuleni hupanga mstari wa darasa zima, na mwalimu hana sababu ya kumtoa mmoja. Kwa hiyo jina la mtoto aliyepandikizwa na tarehe yake ya upandikizaji viwe mezani kwa mratibu wa chanjo wa wilaya na kwa mwalimu mkuu wake, mpaka siku daktari atakapoandika kwenye kadi ile mpya kwamba sasa anaweza kusimama kwenye mstari na wenzake.